Udongo Usioanikwa

Ifakara hakuna mtu mwenye akili zake anayehifadhi kitu kibichi ndani. Mpunga huanikwa, mahindi huanikwa, samaki wa mtoni huanikwa, na hata godoro alilolalia mgeni hutolewa nje lipigwe jua kabla mgeni mwenyewe hajafika stendi. Bonde limeshiba maji kiasi hiki, nani tena akaribishe unyevu chumbani? Kwa hiyo asitokee mtu wa kumlaumu Balbina kwa alichofanya. Mwanamke yeyote wa mtaa wao wa Lipangalala angefanya vilevile, tena angejisifu.

Mwanawe, Agapiti, fundi wa maabara ya udongo, alikuwa na wiki ya sita yuko nyumbani hana kazi. Kila Jumatatu na Ijumaa alikwenda polisi kusaini kwamba bado yupo. Siku nyingine alishinda barazani akitazama mvua ya masika ikijaza uwanja. Hakuruhusiwa kutoka nje ya mji. Marafiki wa kambi ya kampuni hawakupita tena, na jirani waliokuwa wakimwita "injinia" kwa kumpamba sasa walimsalimia kwa haraka, macho yakiwa njiani. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja na alilala kwenye chumba alichokulia, kati ya magunia ya mpunga ya mama yake, na kila alipoamka alihisi kuta zimesogea kidogo.

Kisa chenyewe kilianzia mbali na bonde. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa ikichimba mifereji ya umwagiliaji Kilombero, na maabara yake ilikuwa kambini, pembeni ya mji. Mwaka uliopita ikapata kazi nyingine huko Rungwe: bwawa dogo la kijiji, lenye tuta la udongo wa palepale mlimani. Mifuko kumi na miwili ya udongo huo ikaletwa kwa treni ili ipimwe Ifakara.

Agapiti alikuwa amepima udongo wa bonde kwa miaka kumi na minne. Aliujua mfinyanzi wa kijivu wa mbugani unaovua watu viatu, aliujua na mchanga wa mtoni. Lakini huu wa mlimani ulimshangaza tangu alipoinua mfuko wa kwanza. Ulikuwa mweusi tii na umelowa, ila mwepesi. Mfuko kama huo wa udongo wa Lipangalala ungemwomba kiuno. Huu aliubeba kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika chai. Udongo uliozaliwa na majivu ya volkano ndivyo ulivyo. Umejaa matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, na matundu yamejaa maji. Ukiuweka kiganjani utadhani hauna maji ya kutosha hata kulowesha kidole. Uminye, usugue kwa dole gumba, unaachia maji yote na kuteleza kama bamia. Uache utulie, unajishika tena kana kwamba hukuugusa.

Akauweka kwenye tanuri, kama alivyozoea kuuweka udongo wote. Ulipotoka, haukuwa ule tena. Ulikuwa chenga ngumu nyeusi. Akazimwagia maji, zikabaki chenga. Udongo wa namna hii ukishakauka sawasawa haurudi ulikotoka. Zile chembe laini zilizokuwa zikishika maji hugandana moja kwa moja, na chekecheke la maabara huzisoma kuwa mchanga. Na mchanga, kwenye karatasi, ulionekana salama kabisa kwa tuta lile.

Alimwendea Mhandisi Ponsiano, mkuu wa kazi, akamkuta anasaini hati juu ya boneti ya gari.

"Mhandisi, huu wa Rungwe tukiukausha unatudanganya. Inabidi upimwe mbichi."

"Udongo ni udongo, Agapiti."

"Huu ukikauka unageuka. Nimejaribu."

"Wewe kausha, pima, andika kilichosomeka. Watu wa saiti wananisubiri." Akachukua daftari la maabara na kuandika kwa mkono wake: zote zikaushwe kama kawaida.

Agapiti akakausha. Akaandika "mchanga" mara kumi na mbili, akasaini mara kumi na mbili. Hapo hakuna wa kumtetea. Alijua, na akasaini, kwa sababu ilikuwa Ijumaa, na kwa sababu kubishana na Ponsiano kulikuwa kunachosha. Kitu kimoja tu alichokifanya kwa akili yake mwenyewe: nusu ya mfuko wa kumi na mbili hakuipeleka kwenye tanuri. Aliifunga ikiwa bichi ndani ya plastiki mbili, akafunga karatasi ya namba na tarehe, akaenda nayo nyumbani na kuichomeka nyuma ya magunia ya mama yake. Hakumwambia mama neno. Angemwambia nini? Kwamba amesaini asichokiamini?

Masika yaliyofuata tuta likajaa maji, likatikisika, likawa uji. Maji yalishuka na migomba, yakashuka na kibanda cha mlinzi wa bwawa, mzee Ambilikile, naye akiwa ndani. Walimpata siku ya pili.

Ponsiano hakupoteza muda. Aliwaeleza polisi jambo ambalo hata mtoto angelielewa: mlima ule hauna mchanga. Fundi ameandika mchanga. Basi fundi alizembea, akaharibu mifuko ya Rungwe, akajaza nafasi kwa mchanga wa mto Kilombero ulio mlangoni pake. Kukausha? Kila maabara inakausha. Kamati ya uchunguzi ikaundwa, nayo ingekaa Ifakara siku ya Alhamisi. Ikikubali maneno ya Ponsiano, jalada lingekwenda kwa mwendesha mashtaka, na Agapiti angejibu kifo cha mzee Ambilikile kizimbani.

Ndiyo maana kwa wiki sita roho yake yote ilikuwa nyuma ya magunia ya mpunga. Aliiandikia kamati kwamba alimwonya Ponsiano akaagizwa kukausha tu, kwamba anao udongo wa Rungwe katika hali yake ya asili, na kwamba ataukausha mbele yao wajionee wenyewe. Kila asubuhi alichungulia: fundo lipo, karatasi ipo. Hakuthubutu kuugusa, hewa isije ikaingia.

Jumatano mchana alisogeza magunia ili autoe. Mkono wake ulijua kabla ya macho. Mfuko ulipanda juu kama umejazwa pumba.

Balbina alikuwa uwanjani, mvua imekatika kidogo, anamwagilia mche wake wa mlimao kwenye kopo la rangi. Kila siku aliumwagilia mche huo, mvua isinyeshe, inyeshe, kwa sababu kopo lilikaa chini ya upenu.

"Mama, mfuko huu nani kaufungua?"

"Mimi. Mwaka jana, tulipoingiza mpunga. Ulikuwa unatoa jasho, umeegemea magunia yangu. Nikauanika kwenye turubai siku tatu, ukakauka safi. Nikaurudisha na karatasi yake, nikafunga fundo lilelile." Aliyasema kwa uso wa mtu anayengoja kushukuriwa.

Agapiti alikaa chini kwenye tope. Alifungua mfuko, akamimina chenga nyeusi kiasi kwenye beseni, akazimwagia maji. Akakoroga kwa mikono yote miwili. Maji yakapita katikati ya chenga na kukaa chini, safi. Akaminya. Zikamchoma kiganjani. Akaminya tena na tena, kama mtu anayembembeleza maiti, mpaka mama yake akaja kumshika bega.

"Umenifunga, mama."

"Nani kakufunga?"

Ndipo alipomweleza. Karatasi kumi na mbili, bwawa, mzee Ambilikile, mchanga. Alieleza yote, hata lile la kusaini akijua, na ilimchukua muda mrefu. Balbina alimsikiliza akiwa amesimama, kopo la maji mkononi.

"Ungeniambia," alisema mwishoni. "Neno moja tu. Mama, usiuanike. Nisingeugusa."

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini kwa mama yako?"

Agapiti alianza kuufunga mfuko upya. Kwa kweli hasira aliyokuwa nayo haikuwa ya mama. Ilikuwa yake mwenyewe, ila mama ndiye aliyekuwa karibu.

"Kwa hiyo walikuwa wanautaka wote?" Balbina aliuliza polepole. "Wote, kama ulivyokuja?"

"Wote, kama ulivyokuja."

Mama alitazama upande wa upenu, akafungua mdomo, akaufunga, akaingia ndani.

Jioni ile Agapiti aliwaza kukimbia, na mawazo yake yaligonga kila upande. Kaskazini kulikuwa na milima ya Udzungwa, imesimama na mawingu yake. Kusini mbuga ilikuwa imegeuka ziwa. Angepanda treni kuelekea Mlimba na Uchindile, ashuke wapi? Angevuka daraja kwenda Ulanga, na askari wanamjua kwa sura na kwa saini. Aliwahi kulipenda bonde hili. Sasa lilimbana pumzi. Aliogopa jela, aliogopa zaidi kusimama kesho na mfuko wa chenga, kwa maana chenga zile zilionekana ndizo hasa mchanga wa mto alioutaja Ponsiano. Angekuwa mtu wa kwanza kupeleka ushahidi wa kujifunga mwenyewe, tena na namba na tarehe.

Asubuhi alipovaa shati, alimkuta mama mlangoni amejifunga kanga mbili, chini ya ile ya juu kuna kitu kimevimba.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Unakokwenda."

"Hawaruhusu watu."

"Watanifukuza wao wenyewe," alisema, akatangulia kwenye bajaji.

Chumba cha mikutano cha kambi kilikuwa na meza ndefu na feni isiyozunguka. Kamati ilikuwa ya watu watatu, na mwenyekiti wake alikuwa Mhandisi Yunis, mama wa makamo kutoka Shinyanga, miwani imening'inia kifuani, mikono mikubwa ya mtu aliyekulia shambani. Ponsiano alikaa upande wa pili, shati limepigwa pasi. Balbina alimwamkia kila aliyemwona, hata vijana, akakaa kwenye benchi karibu na mlango, na hakuna aliyepata ujasiri wa kumtoa.

"Umetuandikia una udongo wa asili," Yunis alisema. "Tuuone."

Agapiti aliweka mfuko mezani. Yunis alisoma karatasi, akafungua fundo, akaingiza mkono. Akatoa chenga, akazisugua, akazipeleka puani. Alizirudisha taratibu.

"Hii imekauka."

"Imekauka, mwenyekiti. Ilianikwa nyumbani. Sikujua mpaka jana."

Ponsiano alicheka kwa pua. "Waheshimiwa, mnaona. Anawaletea mchanga mweusi wa mtoni kwenye mfuko wenye namba ya Rungwe. Ndicho nilichowaambia tangu mwanzo."

"Una chochote kingine?" Yunis alimwuliza Agapiti. Hakuuliza kwa ubaya, na hilo lilimuuma zaidi.

"Sina."

Mjumbe mmoja alianza kuandika. Kalamu ilisikika karatasini. Agapiti alitazama mlango, ukiwa wazi na mvua ikinyesha nje yake, akafikiri kwamba huenda hatauona tena mlango unaofunguka kwa ndani.

"Mimi nina jambo," Balbina alisema.

Alikuwa amesimama. Alifunua kanga, akatoa kopo la rangi lenye mche wa mlimao, shubiri mbili hivi, majani yake yamenawiri. Alikuja nalo mpaka mezani, akaliweka mbele ya Yunis kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyeuanika ule udongo. Mwanangu hana kosa hapo. Lakini kuna jambo hata yeye sijamwambia, nimeshindwa tangu jana." Alilishika kopo ubavuni. "Mlimao huu ni mbegu ya shamba la marehemu mume wangu, Dionisi. Mti wenyewe ulichukuliwa na mto, shamba lote lilichukuliwa. Nilibaki na mbegu tatu, mbili zikafia kwenye udongo wa pale nyumbani. Siku nilipofungua mfuko nikaona udongo ule mweusi, mzuri, nikaiba. Viganja vinne, kabla sijauanika. Nikapandia ile ya mwisho. Sasa amesema mnautaka wote. Nimekuja kurudisha. Mnisamehe, nimemwibia mwanangu."

Akashika shina, akaugonga ubavu wa kopo, akaung'oa mlimao na udongo wake wote. Agapiti alisikia vijizizi vikikatika. Bonge jeusi likadondoka mezani, limelowa, linang'aa.

Agapiti alilitazama bonge. Miezi kumi alipita karibu na kopo lile akienda chooni na kurudi. Miezi kumi mama alilimwagilia, asubuhi na jioni kiangazi kilipokaza, asikose hata siku moja.

"Mwenyekiti," alisema. "Uminye huo."

Yunis alivaa miwani. Alichukua kipande, akakiweka kiganjani: kilikaa, kikavu kwa kukitazama. Akakisugua kwa dole gumba. Udongo ukalainika, ukateleza, maji yakampitia kati ya vidole mpaka kwenye saa.

"Hilo ni tope la Lipangalala," Ponsiano alisema.

"Tope la Lipangalala nimelikanyaga leo asubuhi," Yunis alijibu. "La kijivu, zito. Hili jepesi. Shika."

Ponsiano hakunyoosha mkono.

Yunis aligawa bonge mara mbili. Nusu moja aliifunga kwenye mfuko mpya na kuandika juu yake. Nusu nyingine aliisogeza kwa Balbina. "Mama, jikoni hapo nje wana kikaango na moto. Mjumbe wangu atasimama na wewe. Unikaushie huu, taratibu, usiungue."

Haikuwa kazi ya kumfundisha Balbina. Aliupepeta, akaugeuza kwa mwiko, akaujaribu kati ya vidole kama anavyojaribu mpunga kabla ya kuupeleka mashineni. Saa nzima kamati ilimngoja, na saa nzima Ponsiano alitazama simu yake bila kuigusa. Kikaango kiliporudi kilikuwa na chenga nyeusi. Yunis alizimimina kwenye karatasi, akachota zile za mfukoni akaziweka pembeni yake. Wajumbe wawili waliinama. Hakuna aliyeweza kusema zipi zimetoka wapi. Akazimwagia zote maji, na zote zikabaki chenga.

"Lete daftari la maabara," Yunis alimwambia mjumbe. Akafunua, akakuta mstari aliokuwa akiutafuta, akaugeuzia kwa Ponsiano. "Huu ni mwandiko wako?"

"Ni utaratibu wa kawaida."

"Nimeuliza mwandiko."

"Ni wangu."

Aliandika kwa muda. Kisha akamtazama Agapiti juu ya miwani. "Wewe uliona kipimo kinadanganya, ukasaini."

"Niliona. Nikasaini."

"Hilo nalo naliandika. Kazi hii huenda usiipate tena, na mzee Ambilikile hatarudi." Akageuza ukurasa. "Lakini mchanga wa mto hukupima. Mashtaka ya kifo hayakuhusu; utaitwa kama shahidi. Polisi nenda kesho mara ya mwisho, utaikuta barua yangu."

Agapiti aliinamisha kichwa kumshukuru. Machozi yalimtoka mbele ya watu, naye hakuyafuta. Alilia kwa kuachiwa, akalia pia kwa sababu ya mzee wa watu ambaye hakumjua, aliyelala kibandani akiamini karatasi iliyosainiwa Ifakara.

Balbina alikuwa amesimama pembeni na mlimao mkononi, mizizi iko nje, myeupe. Alikwenda mlangoni, akalowesha pindo la kanga kwenye maji ya mvua yaliyokuwa yakitiririka kutoka batini, akaifunga mizizi taratibu kama anafunga kitovu cha mtoto.

"Mama, udongo uliobaki tunauchukua," Yunis alimwambia, ameshika ule mfuko mdogo. "Ni kielelezo sasa. Samahani kwa mti wako."

Balbina aliutazama mfuko, akamtazama mwanawe, kisha akamtazama yule mama mhandisi.

"Uchukueni tu," alisema. "Ila safari hii msiuanike."